Wasomaji Wanauliza: Michezo ya Mtandaoni Ukubwani

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zimetoka kwa wasomaji waliovuka miaka 40 ambao wamejikuta wakipenda michezo ya video inayochezwa na watu wengi kwa pamoja mtandaoni, au kwa watu wanaoishi nao nyumba moja. Tumechagua nne. Majina yameondolewa kwa ombi la waandishi.

Swali: Ndugu mhariri, mimi ni mhasibu hapa Dodoma, nina miaka 47 na watoto watatu. Mwaka jana mwanangu aliniwekea mchezo wa mapigano wa PUBG Mobile kwenye simu tukawa tunacheza pamoja wakati wa likizo. Yeye amerudi bweni, nami naendelea na kikundi cha watu watatu niliokutana nao humo humo mchezoni. Nafurahi kuliko nilivyotarajia. Lakini shemeji yangu alisema mbele ya watu kwamba huu ni utoto, na kwamba hao ninaowaita wenzangu si watu ninaowajua. Isitoshe, vijana wananishinda kwa wepesi wa vidole. Je, mchezo huu unaufaa umri wangu, na kuna namna ya kuucheza vizuri bila vidole vya ujana?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na shemeji yako, kwa sababu neno lake ndilo lililokuuma. Pita jioni katika baraza za Mji Mkongwe, Pangani au Lamu, utawakuta watu wazima wamelizunguka bao, kete 64 katika mashimo 32, au wanagonga dhumna mezani kwa kishindo huku watazamaji wamesimama nyuma yao wakibishana. Hakuna mpita njia anayewaambia kuwa wanafanya utoto. Kinyume chake, mchezaji hodari wa bao huitwa fundi, na ufundi huo watu huutarajia kwa mwenye mvi kuliko kwa kijana. Jamii yetu, kwa hiyo, haijapata kuona kwamba kucheza kunamvunjia mtu mzima heshima. Isichokizoea ni kumwona mtu wa makamo akicheza kwenye kioo cha simu, na kutozoea huko kuna sababu zake za kihistoria.

Mmoja wa michezo ya mwanzo kabisa ya aina hii, ulioitwa MUD, uliandikwa mwaka 1978 na Roy Trubshaw na Richard Bartle katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza. Haukuwa na picha hata moja, ulikuwa maandishi matupu, lakini watu kadhaa waliweza kuwamo katika ulimwengu mmoja kwa wakati mmoja. Mchezo mwingine wa aina hiyo, World of Warcraft, ulipotoka mwaka 2004, mamilioni ya watu wa Marekani, Ulaya na Asia waliingia, na aliyekuwa na miaka 25 wakati huo sasa amevuka 45, naye wala haoni ajabu kuendelea kucheza. Sisi je? Televisheni ya Tanzania Bara yenyewe ilianza mwaka 1994. Kebo za SEACOM na TEAMS, zilizotufikishia intaneti ya kasi kupitia chini ya Bahari ya Hindi, zilianza kazi mwaka 2009, na kabla ya hapo mawasiliano yetu na dunia yalipitia setilaiti, kwa bei kubwa na kwa uzito usiofaa kwa mchezo wowote unaodai haraka. Kizazi chako kiliukosa mchezo huu ujanani kwa sababu njia haikuwapo. Unachofanya leo, basi, hakiwezi kuitwa kurudi utotoni, kwani utotoni mwako hakikuwapo. Ni jambo jipya ulilolipata ukubwani, na una haki ya kulipenda kama mtu mzima.

Kuhusu vidole, sitakudanganya. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walichapisha uchunguzi wa wachezaji 3,305 wa mchezo wa StarCraft II, wenye umri wa miaka 16 hadi 44, wakapima muda unaopita kati ya mchezaji kuona jambo jipya na kulichukulia hatua. Waligundua kwamba wepesi huo huanza kupungua mapema kuliko wengi tunavyodhani, karibu na umri wa miaka 24. Lakini waliona pia kwamba wachezaji wenye umri mkubwa zaidi hufidia upungufu huo kwa kuchagua mbinu nyepesi na kuzitumia vizuri njia za mkato ambazo mchezo wenyewe unazitoa. Maana yake ni kwamba usishindane na kijana pale alipo na nguvu. Mpeleke pale ulipo na nguvu wewe.

Katika PUBG Mobile watu hadi 100 hushuka kisiwani kwa miamvuli, na eneo salama huzidi kubana, duara baada ya duara. Mwenye vidole vyepesi hukimbilia penye nyumba nyingi na risasi nyingi. Wewe tazama ramani. Kila duara jipya linapojichora, jiulize kabla ya wengine ni nani atakayelazimika kuvuka daraja au uwanda mtupu, ni upande gani wenye vilima na miti, na ni wapi utakapoweza kumngoja mtu ukiwa umejikinga. Aliyefika mapema mahali pazuri hahitaji kumzidi mwenzake kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kwa sababu mwenzake anakimbia na yeye ametulia. Waambie na wenzako watatu unachokiona, kwa maneno machache na yaliyo wazi. Sauti iliyotulia ya mtu mzima ni msaada mkubwa kwa kikundi ambacho kila mmoja anapiga kelele.

Ukipenda kwenda mbali zaidi, jaribu mchezo wenye mgawanyo wa kazi. Katika Mobile Legends watano hupambana na watano, na mechi moja huchukua kama robo saa. Mimi hupenda kumchezesha mhusika aitwaye Estes, ambaye kazi yake kubwa ni kuwaponya wenzake. Ukiwa naye, macho hayamfuati adui. Yanazunguka kati ya mistari midogo ya uhai iliyo juu ya vichwa vya wenzako na ramani ndogo ya kona ya juu kushoto. Chukulia kwamba mpiganaji wako wa mbele amebaki na robo ya uhai, mpiga mishale wa nyuma amebaki na nusu, na adui mmoja ametoweka kwenye ramani kwa sekunde kadhaa. Mgeni wa mchezo atamkimbilia mwenye robo. Mzoefu hujiuliza yule aliyetoweka amekwenda wapi, husogea karibu na mpiga mishale, na mara nyingi shambulio huja kuangukia hapo hapo aliposimama, tayari kwa kulipokea. Hakuna aliyekuona ukifanya lolote la ajabu, lakini timu nzima iko hai. Raha hiyo ni ya mtu aliyekwisha kujifunza maishani kuangalia mambo mawili kwa wakati mmoja, na naamini kwa dhati kwamba inawafaa watu wa umri wetu kuliko vijana.

Limebaki neno la shemeji kwamba wenzako hao si watu unaowajua. Nchini Norway aliishi kijana aitwaye Mats Steen, mwenye ugonjwa wa kudhoofika misuli, aliyefariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake waliamini kwamba aliishi katika upweke, kwa kuwa miaka yake ya mwisho aliitumia kwa sehemu kubwa akicheza World of Warcraft chumbani mwake, na mchezoni humo alijulikana kwa jina la Ibelin. Walipotangaza msiba kwenye blogu yake, zikaanza kumiminika rambirambi za watu wasiowajua kabisa, wakieleza namna mtoto wao alivyowafariji na kuwashauri kwa miaka, na baadhi yao walisafiri kutoka nchi nyingine za Ulaya kwenda kumzika. Anayesafiri kwenda kuzika huyo ni rafiki, popote walipokutana. Mweleze shemeji kisa hicho kwa upole. Nawe, kwa upande wako, watendee wale watatu kama watu kweli: mkiahidiana saa tatu usiku siku ya Alhamisi, uwepo saa tatu, na ukipata dharura uwape taarifa, maana bila wewe kikundi kina pengo.

Swali: Salaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 52, naishi Maskati. Dada yangu yuko Unguja, kaka yetu mkubwa yuko Mombasa, na mdogo wetu wa mwisho yuko Toronto. Tuna kundi la ujumbe, lakini limekuwa la salamu za Ijumaa na picha za harusi tu. Nimewaona wapwa zangu wakicheza pamoja mtandaoni wakiwa miji tofauti, nikatamani na sisi. Sijawahi kucheza chochote zaidi ya karata, na kaka yangu hapendi vita. Tuanzie wapi?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Ombi lako limenifurahisha sana, na jambo la kwanza la kulitatua ni saa. Wewe umewatangulia Unguja na Mombasa kwa saa moja tu, lakini Toronto iko nyuma yako kwa saa nane au tisa kutegemea majira, hivyo mchezo unaowadai nyote muwepo kwa dakika ile ile utaishia kumchosha mdogo wenu au kuwakesha ninyi. Tafuteni mchezo ambao mmoja anaweza kuingia, akafanya sehemu yake, akatoka, na mwingine akaikuta.

Kwa hali hiyo ningewashauri Minecraft, uliotengenezwa na kampuni ya Mojang ya Sweden na ambao bila shaka wapwa zako wanaufahamu kuliko mimi. Huhitaji vita. Kuna hali ya amani isiyo na majitu ya kuwashambulia, na kuna hali ya ujenzi ambamo matofali ya kila aina hayaishi. Toleo linaloitwa Bedrock huwakutanisha walio kwenye simu, kompyuta na PlayStation bila kujali tofauti ya vifaa. Mmoja wenu akilipia kila mwezi huduma ya Realms Plus, ulimwengu wenu utakuwa wazi saa zote hata kama yeye hayumo, na anaweza kukaribisha wengine hadi 10 kwa wakati mmoja. Wageni wake hawalipii huduma hiyo, ingawa kila mtu lazima awe ameununua mchezo wenyewe.

Msiingie humo bila kazi ya kufanya, kwa sababu uwanja mtupu huwachosha wageni upesi. Jipangieni kuijenga nyumba mliyolelewa. Anzeni na baraza ya nje na mlango mkubwa, kisha ukumbi, kisha ua wa ndani na kisima kama kilikuwapo. Nawahakikishia kwamba hamtafika dirisha la pili kabla hamjaanza kubishana kuhusu chumba cha bibi kilikuwa upande gani, ngazi zilipinda wapi, na nani aliyevunja ule mtungi. Dada wa Unguja ataongeza ukuta asubuhi, mdogo wa Toronto ataukuta jioni yake na kuubomoa kwa sababu kwa kumbukumbu yake haukuwa pale, na kundi lenu la ujumbe litapata mazungumzo mapya. Wiki mbili za kwanza mikono itakuwa mizito, hasa kujifunza kutembea kwa kidole kimoja na kutazama kwa kingine. Mwombe mpwa mmoja akae nawe, na umkataze kukufanyia. Akuelekeze kwa maneno, wewe ufanye.

Kama kaka ataona hayo yote ni mengi, mfungulieni akaunti katika tovuti ya Lichess, ambako sataranji huchezwa bure na bila matangazo. Mnaweza kupangiana siku moja hadi 14 kwa kila hatua, naye atakuwa na muda wa kufikiri baina ya Magharibi na Isha bila mtu kumharakisha.

Swali: Mhariri, mume wangu ana miaka 51 na tunaishi Mombasa. Miaka mitatu iliyopita alinunua PlayStation, akasema ni ya watoto. Sasa ni yake. Hucheza mpira wa mtandaoni hadi saa nane usiku, hasa mwisho wa wiki, chakula kikiwa tayari husema anakuja lakini haji, na mwezi uliopita nimeona kwenye taarifa ya benki ametumia pesa si haba kununua wachezaji. Kazini anakwenda kama kawaida. Je, huu ni ugonjwa? Na je, nimwambie aache?

Jibu: Dada yangu, Shirika la Afya Duniani linautambua ugonjwa wa kucheza michezo ya video kupita kiasi katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini vigezo vyake ni vizito. Mtu awe ameshindwa kujizuia kuhusu wakati na muda wa kucheza; mchezo uwe umetangulia mambo mengine ya maisha na shughuli za kila siku; na aendelee au azidishe hata baada ya kuona madhara. Hali hiyo iwe imeharibu kwa kiasi kikubwa maisha yake ya nyumbani, kazini au kwingineko, na kwa kawaida iwe imeonekana kwa muda usiopungua miezi 12. Mume anayekwenda kazini na kutimiza wajibu wake hajafika huko kwa maelezo uliyonipa. Akianza kukosa kazi, kudanganya kuhusu saa au pesa, au kukasirika kila anapoombwa kupumzika, mpeleke kwa daktari au mshauri wa afya ya akili, na usimpeleke kwa kumwaibisha.

Ila kutokuwa mgonjwa hakumpi ruhusa ya kukuacha mezani peke yako. Hapa kuna jambo ambalo wengi wasiocheza hawalijui, na likijulikana huondoa nusu ya ugomvi: mechi ya mtandaoni haisimamishwi kama mkanda wa video, kwa sababu upande wa pili kuna binadamu mwingine anayengoja, na anayetoka katikati huhesabiwa ameshindwa. Mechi moja ya mpira huchukua kama robo saa. Unapomwita akiwa katika dakika ya 60 ya mchezo, anasema kweli kwamba anakuja. Kosa analofanya ni kuanzisha nyingine baada ya hiyo. Kwa hiyo msikubaliane kuhusu dakika, kubalianeni kuhusu mechi. Mwambie chakula ni baada ya mechi hii, wala isianze nyingine, na yeye aahidi mbele yako idadi ya mechi za usiku. Mwisho wa wiki huwa mgumu zaidi kwa kuwa mashindano makubwa ya mchezo huo hupangwa siku hizo kwa makusudi, yakiwa na idadi ya mechi zinazotakiwa kumalizwa kabla wikendi haijaisha. Achague siku moja kati ya mbili, na ile ya pili iwe yenu. Zawadi anazozipoteza kwa kuiacha siku hiyo ni picha za wachezaji ambazo msimu ujao hazitakuwa na thamani, kwani kila toleo jipya huanza upya.

Pesa ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko saa. Wachezaji hao kwa kawaida huuzwa ndani ya pakiti zilizofungwa, nawe hujui umepata nani mpaka umekwisha kulipa. Mwaka 2018 mamlaka za Ubelgiji ziliamua kwamba uuzaji wa bahati nasibu wa namna hiyo ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti katika mchezo wake wa mpira ulioitwa FIFA. Nami naliona jambo hilo kwa jicho lile lile la Wabelgiji. Kadi ya benki iondolewe kwenye PlayStation leo hii. Kama anataka kutumia chochote, anunue kadi ya malipo ya kiasi mlichokubaliana, ikiisha imekwisha. Mpira wenyewe unachezeka vizuri kabisa bila pakiti hata moja, na atagundua kwamba kumfunga mtu aliyenunua kikosi cha fahari kwa kikosi cha kawaida kuna utamu wake.

Sikushauri umwambie aache. Kaa naye usiku mmoja, umwombe akueleze anacheza na nani na kwa nini alipiga pasi ile na si nyingine. Huenda usiipende, lakini utazungumza naye kuhusu kitu unachokijua, naye atakusikiliza.

Swali: Niko Kigoma, nina miaka 44. Nimenunua simu nzuri, lakini bado naambiwa nimekufa kabla sijamwona adui, na wakati mwingine wachezaji wanaruka kutoka hapa kwenda pale bila kutembea. Ni macho yangu au ni umri?

Jibu: Dalili ya pili uliyoitaja si ya macho wala ya umri, ni ya mtandao, na huenda hata ile ya kwanza imetokana nao. Mawimbi ya mwanga ndani ya kebo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mchezo, ikiwa Ulaya, na njia ya kebo ikiwa na urefu wa kilomita 10,000, habari ya kidole chako itahitaji sehemu ya kumi ya sekunde kwenda na kurudi hata kama kila kitu kimekwenda sawa, na juu ya hapo kuna mnara wa simu wenye foleni ya watu wengine. Binadamu mwenye afya huhitaji kama robo ya sekunde kuitikia alichokiona, hivyo mchelewesho huo ni mkubwa. Michezo mingi huonyesha kwenye kona ya skrini nambari ya mchelewesho kwa milisekunde. Itazame kwa siku kadhaa: ikitulia mahali pamoja, hata kama ni kubwa kidogo, utaizoea na kujifunza kupiga mapema, ikipanda na kushuka kila mara, ndipo watu huruka. Chagua seva ya Mashariki ya Kati kama mchezo unairuhusu na nambari inapungua, zima programu zinazojisasisha nyuma ya mchezo, na ujaribu alfajiri, wakati watumiaji wa mnara wako wengi wamelala. Miwani ya kusomea, kama umeanza kuisogeza simu mbali na uso ili uione vizuri, uipate pia. Kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa itakupima.